Gari Lililofunguliwa Kila Asubuhi

Wapendwa, leo mnivumilie, nataka kuongelea magari. Najua kina mama wengine hapo mmeshaanza kuangalia saa. Ngojeni kwanza. Na ninyi kina baba mlioamka ghafla kusikia neno magari, mmesinzia tangu wimbo wa kwanza, mnadhani kutoka hapa juu siwaoni?

Kulikuwa na bwana mmoja aliyeendesha lori kwenye shamba la chai, upande huu huu wetu wa milima. Dereva hasa, wa zamani, wale ambao hata akipanda gari la mtu mwingine mguu wake unakanyaga breki hewani. Alipostaafu, mwenye shamba naye alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akamwachia gari lake. Msifikiri ni pikapu. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku akisimama barabarani unatazamana naye uso kwa uso. Kuingia unainama, kutoka mtu akuvute mkono. Mkewe alilizunguka, akauliza, "Sasa hili baba, tutabebea nini?" Hakujibiwa mpaka leo.

Yule bwana alilipenda lile gari kweli kweli. Lakini siku moja alikuwa anampeleka mama mkwe wake hospitali, wakafika kwenye mlima, mpira unaopitisha maji ya injini ukapasuka. Gari likachemsha. Mvuke ukafunika kioo chote, mama mkwe akapiga ukunga akidhani wanaungua, akajivuta nje mwenyewe, akaenda kukaa juu ya jiwe. Na mvua inanyesha. Nawauliza kina baba, nani kati yenu angependa kumwona mama mkwe wake ameketi juu ya jiwe kwenye mvua, na kitenge chake cha kwendea hospitali, watu wanapita wanatoa pole? Aibu ya namna hiyo mtu haisahau. Inalala naye na kuamka naye.

Fundi akaja, akatoa ule mpira uliopasuka, akafunga mpya, akajaza maji, akalijaribu gari mlimani. Likapanda vizuri. Naomba mshike hapo, maana nitapahitaji baadaye kidogo: gari lilipona siku ile ile.

Siku hazikupita nyingi, mshale wa kipimo cha joto ukaanza kucheza. Bwana yuko barabarani anaenda zake, anaona mshale umepanda karibu na ile alama nyekundu. Anasimama pembeni, na kabla hajashuka, mshale umerudi katikati wenyewe, umetulia kama hakuna kilichotokea. Anaondoka tena, unashuka, unapanda, unashuka. Gari halichemshi, ila halimpi amani. Mnalijua jambo la namna hiyo? Kitu hakijaharibika, lakini huwezi kukaa nacho kwa raha.

Akalipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa ni wota pampu, ile inayosukuma maji, ikabadilishwa. Mshale ukacheza. Mwingine akasema ni feni, haivuti vizuri, akaiunganisha iwe inazunguka muda wote. Mshale ukacheza, na sasa na kelele juu. Wa tatu akang'oa thamostati kabisa, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Akasema, "Mzee, hivi vitu ni vya nchi za baridi, huku kwetu havina kazi." Nchi za baridi! Na sisi hapa Tukuyu tunalala na mablanketi na soksi. Gari likawa halipati joto kabisa kwenye mteremko, na kwenye kupanda mshale unaruka kuliko mwanzo. Ikabidi kidude kirudishwe.

Mwishoni akafika kwa fundi mmoja mnene, mwenye maneno mengi, gereji yake iko nyuma ya soko. Huyu akasema, "Niachie gari nikae nalo." Akakaa nalo wiki nzima. Akaenda nalo Mbeya, akarudi nalo, akapanda nalo milima yote ya huku, nadhani alikuwa anajionyesha pia. Mshale haukutikisika. Akampigia simu mwenyewe, "Mzee, njoo uchukue gari lako, halina kitu."

Bwana akalichukua kwa furaha. Lilipolala kwake mara chache tu, mshale ukaanza tena mchezo wake. Akarudi gereji amevimba. "Wewe umenidanganya! Hukulitengeneza!"

"Mzee wangu," fundi akasema, "gari lako likilala kwangu ni zima. Likilala kwako linaumwa. Basi kesho asubuhi nakuja kwako kunywa chai."

"Chai inahusiana nini na injini?"

"Wewe mwambie mama aweke maji jikoni."

Sasa, kabla fundi hajafika, niwaambie nani mwingine alikuwa anakaa kwenye uwanja wa nyumba ile. Yule bwana alikuwa na mdogo wake, mwana wa mama yake, aliyemlea mwenyewe. Mdogo wake huyu alikuwa mlevi. Sisemi mtu wa kikombe kimoja cha harusini. Alikuwa mtu wa kuokotwa mtaroni. Na siku ya msiba wa baba yao, jeneza linatolewa ndani, wageni wamejaa, alikuja akiyumba akaanguka mbele ya watu wote. Ni kaka yake aliyembeba mgongoni kumwondoa pale, huku baba yao akisubiri kuzikwa.

Baada ya siku ile, mdogo mtu akaacha pombe. Wapendwa, aliacha. Akaomba radhi kwa ukoo, akapata kazi kwenye mashine ya kusaga, akapewa chumba pale pale kwa kaka yake. Kila jioni anarudi na unga kwenye nyusi, anaoga, anakula, analala.

Basi asubuhi fundi akafika, akapewa kigoda na kikombe cha chai. Bwana akatoka ndani. Fundi akamwambia, "Fanya kama unavyofanya kila siku. Jifanye sipo." Bwana akaenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti, akafungua mfuniko wa rejeta, pale panapopoozwa maji ya injini. Maji kidogo yakamwagika. Akaingiza kidole, akaona yapo, akaongeza juu yake, akafunga.

Fundi akauliza, "Hivyo unafanya kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Dereva gani anawasha gari bila kufungua rejeta?"

Wakati huo huo mdogo wake akatoka chumbani kwake kwenda kazini. "Shikamoo, kaka." Yule bwana hakuitikia. Aliacha boneti wazi, akavuka uwanja, akasogea mpaka pua yake ikawa karibu na mdomo wa mdogo wake. Akavuta pumzi. Halafu ndipo akasema, "Marahaba."

Fundi aliona yote mawili. Akanywa chai yake kwanza, akamaliza, ndipo akaongea.

"Mzee, njoo hapa. Lori ulilokuwa unaendesha lilikuwa na rejeta ndefu, mfuniko uko juu kabisa. Unaufungua, unachungulia, unafunga, hakuna kinachoharibika. Ulifanya vizuri miaka yote. Lakini hili gari pua yake iko chini. Mfuniko uko chini kuliko injini yenyewe. Ukiufungua hapa, maji yaliyoko juu yanashuka kutoka, na hewa inapanda kukaa mahali pake. Hewa haipoozi injini. Ikipita kwenye kipimo, mshale unaruka. Maji yakifika, mshale unarudi. Mimi nilipokaa nalo niliitoa hewa yote, na sikufungua tena."

"Lakini fundi, mimi naogopa! Likichemsha tena je?"

"Najua unaogopa. Lilichemsha kwa sababu mpira ulipasuka. Mpira ukabadilishwa, likapona. Kinachourusha mshale sasa hivi ni mkono wako." Akamwonyesha kopo la plastiki pembeni ya injini. "Kama unataka kujua hali ya maji, tazama hapa, kwa nje. Yakipungua utayaona. Lakini mfuniko uache."

Mdogo mtu alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Alipaswa kuwa ameshaondoka. Akasema, "Fundi, samahani. Hebu rudia hapo kwenye mkono."

Fundi akaweka kikombe chini. Si mambo ya gereji tena haya.

"Kaka," mdogo wake akasema, "mimi nilichemsha. Nilikuaibisha kwenye msiba wa baba, na jambo hilo nitakufa nalo. Lakini niliacha. Na tangu nimeacha, hujawahi kuniitikia salamu yangu kabla hujaninusa. Hata siku moja. Kila asubuhi nikishika kitasa cha mlango najiona bado ni mlevi, na sijanywa. Nimechoka, kaka yangu. Kesho nahamia kule chini kwa wenzangu. Wao wakisalimiwa wanaitika."

Kaka yake aliwajua hao wenzake. Aliijua nyumba yenyewe, na mapipa ya pombe yaliyojaa uani mwake. Alijua mdogo wake akienda kule, safari ijayo atambeba akiwa hapumui. Lakini hasira ilimtangulia. Akasema, "Nenda basi! Unadhani mimi napenda? Nani alikubeba mgongoni watu wakinitazama? Nani?" Na pale pale mbele ya fundi, mtu mzima, akageuka akawa anajifanya anafunga boneti.

Wapendwa, msimcheke yule kaka. Nimeona wengine mnatabasamu. Mimi namwonea huruma sana. Huwezi kufungua kila asubuhi kitu usichokipenda. Angekuwa hampendi mdogo wake, asingemnusa, angemwacha anuke. Aliungua, akawa analinda. Wangapi humu ndani tumeungua tukawa tunalinda hivyo hivyo? Mke anayemsubiri mume dirishani, na akiingia anatazama macho yake kabla hajampokea mzigo. Mzazi anayepekua mfuko wa suruali ya kijana wake, kijana aliyeshaacha. Sisi wazee wa kanisa, mtu akirudi kwenye kwaya baada ya kuanguka, tunamwimbisha mstari wa nyuma, tunamtazama tumboni, tunamtazama miguuni, tunasema tunampenda. Na kweli tunampenda. Hapo ndipo penye uchungu.

Kesho yake asubuhi yule bwana akaamka. Akaenda kwenye gari lake. Mkono ukaenda kwenye boneti wenyewe, kwa mazoea. Akaurudisha. Akatazama kopo kwa nje tu. Akasimama pale, hajui mikono aiweke wapi.

Mlango wa chumba kile ukafunguliwa. Mdogo wake akatoka na begi begani. Usiku uliopita kaka yake hakujua mdogo wake alilala saa ngapi, hakujua kama alitoka kwenda mahali au hakutoka. Na mdogo mtu hakusogea. Alibaki pale pale mlangoni kwake, uwanja mzima katikati yao, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, kaka."

Mguu wa kaka uliinuka. Wapendwa, uliinuka, ulitaka kwenda. Angevuka ule uwanja angejua kila kitu mara moja. Mnajua vita aliyopigana pale? Hakuna aliyeiona. Mkewe aliyekuwa anafagia hakuona kitu, aliona tu mume wake amesimama karibu na gari.

Mguu ukashuka chini. Akasema kutoka pale pale alipo, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Uji uko mezani, utapoa."

Mdogo mtu akalishusha begi, akalirudisha ndani, akaenda kunawa mikono.

Mfano wangu unaishia hapo. Sasa nawatazama nyuso zenu, na naliona swali. Mama Atupele, hata usiponyoosha mkono nimeliona. Mnataka kuniuliza, "Mchungaji, na usiku ule, kabla ya asubuhi ile, alikunywa au hakunywa?" Si ndivyo? Mzee Mwaipaja naye anaitikia kwa kichwa, naye anataka kujua.

Mmejiona? Nimewahubiria muda wote huu, mmesikitika na mimi, mmemhurumia yule kijana, na sasa hivi kanisa zima limevuka uwanja, limesogeza pua! Mimi sijui kama alikunywa. Kaka yake hakujua. Aliitikia bila kujua. Na nawaambieni, kama angekuwa anajua, ile isingekuwa imani, ingekuwa ukaguzi.

Msinielewe vibaya. Mpira ukiwa umepasuka, badilisha mpira. Mtu anayekupiga nyumbani kwako leo, sikuambii ukae naye ufumbe macho. Huyo bado anachemsha, kaa mbali naye, njoo tuongee ofisini, tutakusaidia. Na sisemi tusitazame. Tazama kwa nje: anaenda kazini, anakula, anacheka na watoto, unga uko kwenye nyusi zake. Hayo yanatosha kukuambia kama maji yapo. Mimi naongea juu ya yule aliyepona. Naongea juu ya yule ambaye Mungu alishamsamehe, na sisi bado tunamfungua kila asubuhi kuhakikisha Mungu hakukosea.

Tujiulize. Kila siku tunaamka, tunakwenda mbele za Mungu, tunamsalimia kwa midomo hii hii iliyomsema jirani jana. Angekuwa anatunusa kwanza ndipo aitikie, ni nani kati yetu angeitikiwa? Mimi mnayeniona nimevaa kanzu, je? Yeye pumzi zetu anazijua zote, na bado anaitikia. Anaitikia akiwa mbali, tukiwa bado tumesimama mlangoni na mabegi yetu, hatujaamua kama tunakaa au tunaondoka.

Sasa sifungi mahubiri haya kwa maneno yangu. Huko nyuma, kwenye yale mabenchi ya karibu na mlango, wamekaa watu. Sisi sote tunajua kwa nini wanakaa kule. Waliondoka, wakarudi, na wamekaa karibu na mlango ili ibada ikiisha watoke kabla hatujawashika mkono na kuwakagua. Wengine ni watoto wetu tuliowazaa. Nawaomba ninyi wa nyuma mtusalimie sisi wazee tulioko mbele. Nasi wazee nawaomba jambo moja tu: mtu asigeuke. Mama Atupele, shingo hapo hapo. Tutazame mbele kwenye madhabahu, hatumwoni aliyesalimia, hatujui jana alikuwa wapi, na tuitikie kwa sauti, wote.

Haya, wanangu. Tunawasikiliza.